Jinsi ya kuonyesha tamthilia kongwe zilizorekodiwa jukwaani: mwongozo kamili kwa vikundi vya Nairobi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukusanya watu thelathini, hamsini au mia moja katika ukumbi mmoja wa Nairobi na kuwaonyesha Makbeth, Juliasi Kaizari, Edipode au Nora wa A Doll's House ya Ibsen jinsi walivyochezwa jukwaani na kurekodiwa. Huenda wewe ni mwalimu, kiongozi wa vijana kanisani, mwigizaji chipukizi, au msomaji aliyechoka kusoma tamthilia peke yake. Hatua ni zilezile.

Nitaje msimamo wangu mapema, maana kila ninachoshauri kinatoka hapo. Rekodi ya jukwaani haiwezi kushindana na sinema kwa picha, wala haikukusudiwa kushindana. Mwigizaji anapaza sauti ili aliyekaa nyuma kabisa amsikie. Mji mzima unaweza kuwa meza moja na taa. Kinachobeba mchezo ni maneno. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye sauti, na saa ya kwanza ya maandalizi iende kwenye matini. Picha ije baadaye. Wengi huanza na projekta, na matokeo yake huonekana kabla ya tendo la pili: ukuta umejaa picha safi, safu ya tatu haisikii Brutus wa Juliasi Kaizari anasema nini, na simu zinaanza kuwaka gizani.

Fahamu aina za rekodi kabla ya kuchagua

Kuna rekodi zinazonaswa ukumbini hadhira ikiwepo. National Theatre ya London ilianza kurusha michezo yake mubashara katika kumbi za sinema Juni 2009 kwa Phèdre, Helen Mirren akiwa mhusika mkuu. Royal Shakespeare Company ikafuata Novemba 2013 kwa Richard II ya David Tennant. Jambo lenyewe lina umri zaidi ya huo. Mwaka 1964, Hamlet ya Richard Burton iliyoelekezwa na John Gielgud ilirekodiwa kwa kamera za kielektroniki ikiwa inachezwa Broadway, New York, ikaonyeshwa siku mbili tu katika sinema za Marekani. Makubaliano yalikuwa nakala ziteketezwe baada ya hapo. Ni bahati yetu kwamba hazikuisha zote.

Aina ya pili ni mchezo uliokwisha kuchezwa jukwaani, kisha waigizaji walewale wakaingizwa studioni na kamera zikawasogelea. Mfano bora ninaoujua ni Macbeth ya Trevor Nunn. Iliigizwa 1976 katika ukumbi mdogo wa The Other Place huko Stratford-upon-Avon, Ian McKellen na Judi Dench wakiwa Macbeth na mkewe. Thames Television ikairekodi, ikaonyeshwa kwenye televisheni 1979. Nyuma ni giza tupu, mbele ni nyuso. Hakuna ngome, hakuna farasi, hakuna msitu.

Aina ya tatu ni michezo iliyotengenezewa televisheni tangu mwanzo. BBC ilifanya hivyo kwa michezo 37 ya Shakespeare kati ya 1978 na 1985. Inafaa sana kwa kusomea, lakini mingine huenda polepole, na hadhira inayokutana na Shakespeare kwa mara ya kwanza itachoka.

Kwa kikundi kinachoanza, chukua aina ya pili. Nyuso zikiwa karibu, hata aliyekaa nyuma anaona jicho la mwigizaji, na midomo inapoonekana vizuri maneno ya Kiingereza cha zamani hushikika kwa wepesi zaidi. Rekodi zenye hadhira zingoje hadi watu wenu wazoee. Hapo kicheko cha watu wa London kitawasaidia badala ya kuwatenga.

Chagua mchezo ambao matini yake ipo kwa Kiswahili

Sisi tuna hazina ambayo watu wengi wanaiacha ikae rafuni. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar 1963, akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth (1968), Tufani (1969) na, kutoka kwa Sofokile wa Ugiriki, Mfalme Edipode (1971). Tafuteni nakala katika maktaba na kwa wauza vitabu vya mitumba. Mkipata hata moja tu, anzeni na mchezo huo.

Ningeanza na Juliasi Kaizari, na rekodi ningechukua ile ya Royal Shakespeare Company ya 2012 iliyoelekezwa na Gregory Doran. Doran aliuhamisha mchezo hadi nchi ya Afrika ya siku zetu, waigizaji wote wakiwa Waingereza weusi: Paterson Joseph ni Brutus, Cyril Nri ni Cassius, Ray Fearon ni Antony, Jeffery Kissoon ni Kaizari. BBC iliionyesha mwaka huohuo. Mtazamaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa umati unaoshangilia kiongozi asubuhi na kuchoma nyumba jioni una maana gani. Njama za wakubwa, mzee anayeambiwa asitoke nyumbani na akatoka, hotuba mazishini inayogeuka kuwa siasa: yote haya ni habari tunazozijua.

Ya pili katika orodha yangu ni Hamlet ya 2016 ya kampuni hiyohiyo, Paapa Essiedu akiwa Hamlet na Simon Godwin akiwa mwelekezi, yenye rangi na ngoma za Afrika Magharibi. Ni nzuri mno, lakini ni ndefu. Msianze nayo.

Kwa kikundi kisichoweza kukaa muda mrefu, kuna Oedipus Rex iliyoelekezwa na Tyrone Guthrie na kurekodiwa 1957 kutokana na onyesho la tamasha la Stratford, Kanada. Waigizaji wote wamevaa vinyago, kama Wagiriki wa kale, na mchezo unaisha kwa takriban saa moja na nusu. Mtu aliyesoma Mfalme Edipode wiki moja kabla atakaa wima kitini mchezo mzima.

Waliofanya KCSE miaka ya karibuni wengi walisoma A Doll's House ya Ibsen darasani. Kwa hao, onyesho la Young Vic la 2012, Hattie Morahan akiwa Nora na Carrie Cracknell akiwa mwelekezi, lilirekodiwa na Digital Theatre. Jukwaa linazunguka, nyumba nzima inageuka mbele yako chumba baada ya chumba, na ghafla unaelewa kwa nini mwanamke huyu hapati pa kupumulia.

Halafu kuna moja ambayo ni yetu kabisa. Mwaka 2012, ukumbi wa Shakespeare's Globe wa London ulialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kiliwakilishwa na kampuni ya Bitter Pill kutoka Nairobi kwa The Merry Wives of Windsor, na mshairi wa Tanzania Mrisho Mpoto akamcheza Falstaff. Kiswahili kilisikika siku ile katika jengo lililosimamishwa kwa kumbukumbu ya Shakespeare mwenyewe. Kikundi chochote kikitaka kuandika barua moja tu ya kuomba rekodi, kiandike ya hii.

Haki: fanya hili mapema, fanya kwa maandishi

Hapa ndipo wengi hukosea, na si kwa nia mbaya. Wanadhani Shakespeare alikufa 1616, basi kila kitu chake ni bure. Onyesho moja lina tabaka tatu za haki, na kila tabaka lina mwenyewe.

La kwanza ni mchezo wenyewe. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shakespeare, Sofokile na Ibsen, aliyekufa 1906, wako huru. La pili ni tafsiri. Nyerere alifariki Oktoba 1999, hivyo tafsiri zake zinalindwa hadi mwisho wa 2049. Kusoma sehemu moja ya mchezo kwa sauti katika mkutano wa kikundi ni jambo dogo, kutoa fotokopi za kitabu kizima na kuzigawa mlangoni ni jambo jingine kabisa. La tatu ni rekodi, na hili ndilo litakalokuhusu zaidi: waigizaji, mwelekezi, mtunzi wa muziki na kampuni iliyorekodi wote wana sehemu yao.

Usajili wa nyumbani haukupi ruhusa ya kuonyesha ukumbini. National Theatre at Home, iliyoanza Desemba 2020, na huduma nyingine za namna hiyo zinauza haki ya wewe na jamaa zako kutazama sebuleni. Ukikaribisha umma, hata bila kiingilio, umetoka nje ya mkataba. Vivyo hivyo kwa DVD uliyonunua. Nakala zilizopakiwa YouTube na watu wasiojulikana ziacheni. Licha ya sheria, sauti yake huwa mbovu, na zinaweza kuondolewa usiku wa kuamkia onyesho.

Andikeni barua pepe kwa mwenye rekodi angalau miezi miwili kabla. Barua nzuri ni fupi na inataja mambo haya: kikundi chenu ni nani, rekodi mnayoitaka na mwaka wake, tarehe moja, ukumbi na mji, idadi ya viti, kama kuna kiingilio na ni shilingi ngapi, na kama tukio ni la elimu. Ulizeni bei ya kibali cha onyesho moja, na ulizeni watawapa rekodi kwa njia gani, faili au kiungo. Ulizeni pia kama faili ya manukuu ipo. Msiombe bure katika sentensi ya kwanza. Elezeni hali yenu ya fedha kwa ukweli, kisha waache wao wataje. Wakati mnasubiri jibu, tumeni barua ya pili kwa mchezo wa pili, ili kimya cha mmoja kisiwazuie.

Kama kikundi kimo chuoni, mwendeeni mkutubi kwanza. Vyuo vingi duniani hulipia Drama Online au Digital Theatre+, na masharti ya huko yanaruhusu matumizi ya darasani. Mwulizeni kama chuo chenu kimo, na masharti yanasemaje kuhusu wageni.

Upande wa hapa nyumbani, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa kwa umma iwe imepitiwa na kupewa daraja na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Madaraja yake ni GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Pigeni simu mapema mwulize rekodi yenu inahitaji nini. Makbeth ina damu, Edipode anajing'oa macho, na mzazi anayeleta mtoto wa darasa la tano ana haki ya kuambiwa hivyo kwenye bango.

Wasio na fedha ya kibali wana njia nyingine iliyo halali: kusikiliza. LibriVox, iliyoanza 2005, ina rekodi za sauti za michezo mingi ya kale zilizofanywa na wasomaji wa kujitolea, kila mhusika na msomaji wake, na zimetolewa kwa umma bila malipo. Ubora wa wasomaji unatofautiana, kwa hiyo sikilizeni nzima kabla ya kuchagua. Spika moja nzuri, chumba kimoja na nakala za matini mkononi vinatosha kwa Jumamosi nzima.

Ukumbi, siku na saa

Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952 karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, ina hadhi yake, lakini kwa watu hamsini ni kubwa kupita kiasi. Ulizeni Alliance Française na Goethe-Institut katikati ya jiji. Mashariki ya jiji kuna kumbi za jamii na maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan yaliyofanyiwa ukarabati kwa juhudi za shirika la Book Bunk. Ukumbi wa kanisa au wa shule ni mzuri pia, ila ukague mambo matatu kabla ya kuuliza bei: dirisha linaweza kuzibwa? Soketi ziko wapi? Paa ni la nini?

Swali la paa si dogo. Mvua ikinyesha juu ya mabati yasiyo na dari, hakuna spika itakayokuokoa. Kama ukumbi wenu ni wa mabati matupu, kwepeni Aprili, Mei na Novemba. Januari na Februari ni salama zaidi. Julai na Agosti pia, mradi muwakumbushe watu kuja na sweta.

Siku ni Jumamosi, saa nane mchana. Mtu ametoka kazini, amekula, na mchezo wa saa tatu utaisha matatu bado zikiwa nyingi na nauli haijapanda. Matangazo ya mubashara kutoka London ni shida kwetu: mchezo unaoanza saa moja jioni kule, hapa ni saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya mwisho ya Machi ni saa nne usiku. Hamlet wa saa nne usiku anakufa saa saba, na watu wa Githurai na Rongai hawana jinsi ya kufika nyumbani. Chukueni rekodi.

Sauti

Spika iliyo ndani ya projekta haifai hata kwa watu kumi. Kodini spika mbili zinazosimama kwenye miguu, kila moja upande mmoja wa skrini, urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama, zikielekezwa safu za katikati. Mwambieni mwenye vyombo kwamba hii si harusi. Atapandisha besi kwa mazoea, nanyi mtamwomba aishushe, kwa sababu konsonanti za Kiingereza zinakaa juu na besi ndiyo inayozifunika. Mkiwa na spika moja tu, wekeni mipangilio ya kompyuta iwe mono, yaani sauti ya kushoto na ya kulia zitoke pamoja. Msipofanya hivyo, mnaweza kupoteza nusu ya sauti, mhusika aliye kushoto anaongea na aliye kulia hasikiki.

Unganisheni kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na mdomo ukitangulia neno hata kidogo tu, mtazamaji anachoka bila kujua kinachomchosha. Kama rekodi yenyewe imepishana, programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows inarekebisha: herufi J na K husogeza sauti nyuma na mbele, G na H husogeza manukuu.

Kisha fanyeni jaribio hili, siku moja kabla, katika ukumbi uleule. Mtu ambaye hajausoma mchezo aketi safu ya mwisho akiwa ameipa skrini mgongo. Chezeni dakika tano za mazungumzo ya haraka, Brutus na Cassius wakigombana hemani katika tendo la nne ni kipimo kizuri, naye aandike kila anachokisikia. Akiandika mafungu mazima, mko sawa. Akiandika maneno yaliyokatika, sogezeni spika, shusheni besi, tandikeni mazulia au ning'inizeni mapazia ukutani kupunguza mwangwi, mrudie. Ukumbi mtupu una mwangwi zaidi ya ukumbi wenye watu, kwa hiyo ukifaulu mtupu utafaulu zaidi umejaa.

Picha na stima

Projekta yenye mwangaza wa lumeni 3,000 au zaidi inatosha kwa ukumbi uliozibwa madirisha. Projekta nyingi za kawaida, zikiwekwa mita tatu kutoka ukutani, hutoa picha ya upana wa mita mbili hivi. Kwa watu hamsini tafuteni upana wa mita tatu, basi hesabuni umbali wenu. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya vichwa vya waliokaa mbele. Shuka jeupe lililonyooshwa kwa uzi pembe zote nne linafanya kazi vizuri, likikunjamana halifai. Rekodi zenye giza kama ile ya Macbeth zinahitaji giza la kweli ukumbini: blanketi nzito madirishani, si pazia la maua.

Faili iwe ndani ya kompyuta, na nakala yake kwenye diski ya pembeni. Kama mwenye haki amewapa kiungo tu, mjue picha ya HD inakula takriban GB 3 kwa saa, na Wi-Fi ya ukumbi ambayo watu hamsini wameingia nayo haitastahimili. Tumieni kifurushi chenu wenyewe, na neno la siri lisitolewe. Zimeni arifa zote za kompyuta, zimeni hali ya kulala ya skrini, chomekeni chaja.

Stima ikipotea, projekta inataka ipoe kabla ya kuwashwa tena, na haraka inaweza kuiharibu taa yake. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayoshika projekta na kompyuta kwa dakika kumi inawapa muda wa kuzima kwa utaratibu au kuwasha jenereta. Jenereta iwe mbali na dirisha, la sivyo mmetatua tatizo moja na kuleta kelele kama ile ya mvua juu ya mabati.

Wiki moja kabla: someni kwa sauti

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haina gharama. Itisheni mkutano wa saa mbili, watu kumi hadi ishirini, bila projekta.

Kwa Juliasi Kaizari, fungueni tendo la tatu, onyesho la pili: mazishi. Mmoja asome Brutus, mmoja Antony, na wote waliobaki wawe umati. Brutus anatangulia. Anazungumza kwa nathari, sentensi zake zimepangwa kwa mizani, anataka watu wafikiri. Umati unakubali mara moja, na hapo msomaji mmoja lazima apaze sauti kutaka Brutus afanywe Kaizari, jambo ambalo Brutus alimuua rafiki yake ili lisitokee. Simameni hapo kidogo, watu walione. Ndipo Antony, aliyekwisha kuingia na mwili wa Kaizari, anapanda kuzungumza. Yeye anatumia ushairi. Anamsifu Brutus, anamsifu tena, na kila anaporudia ile sifa inazidi kuwa shutuma. Mwacheni msomaji wenu asome kwa utulivu mara ya kwanza, kisha mrudie, safari hii umati ukimkatiza kama unavyokatizwa mkutano wa hadhara hapa kwetu. Wosia unatajwa, unafichwa, unatajwa tena. Watu wataanza kudai usomwe bila kuambiwa na mtu.

Mtu aliyefanya hivyo wiki iliyopita, akimwona Ray Fearon akipanda kuzungumza, hatazami tena kama mgeni. Anajua maneno yanayokuja, naye anatazama mwigizaji ameyafanyia nini: amenyamaza wapi, amemtazama nani, sanda ameifunua lini.

Kwa Makbeth someni mazungumzo ya mume na mke usiku wa mauaji. Kwa Edipode, ugomvi wake na Tiresia kipofu. Onyesho moja linatosha, msisome mchezo wote.

Siku hiyohiyo tengenezeni ukurasa mmoja wa kugawa mlangoni: majina ya wahusika na uhusiano wao, kisha muhtasari wa kila tendo kwa sentensi mbili tatu za Kiswahili. Msiogope kufichua mwisho. Hadhira ya Sofokile iliujua mwisho kabla ya kuketi, na wakaja. Washeni manukuu ya Kiingereza kama yapo, hata kwa watu wanaokijua Kiingereza vizuri.

Kuna vikundi vinavyotamani kuandika manukuu yao ya Kiswahili. Ni kazi kubwa na ya heshima, lakini iombeeni ruhusa katika barua ileile ya kwanza. Mkikubaliwa, mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi arobaini hivi, na ukae kwenye skrini muda wa kusomeka. Tafsirini maana ya tukio, msibanane na kila neno.

Siku yenyewe

Vyombo viwashwe saa mbili kabla. Milango ifunguliwe nusu saa kabla, taa zikiwa zimewaka, ukurasa wa muhtasari mkononi mwa kila aingiaye. Atakayetoa utangulizi azungumze dakika tano: mchezo ni wa lini, rekodi ni ya lini, nani kaicheza, mapumziko ni saa ngapi. Hotuba za wafadhili ziwekwe kwenye bango.

Mapumziko ni lazima. Rekodi nyingi zimeyakata, basi amueni wenyewe mahali pa kusimama na mwandike dakika kamili kwenye karatasi ya fundi. Juliasi Kaizari isimame mwisho wa tendo la tatu, umati ulipomuua Cinna mshairi kwa kosa la jina tu. Makbeth baada ya karamu ya mzimu wa Banquo. A Doll's House mwisho wa tendo la pili, Nora akiwa amecheza ngoma yake na kuhesabu saa zilizobaki. Dakika ishirini, chai na mandazi au maji tu. Msikate mapumziko kwa sababu mmechelewa kuanza. Ni hapo watu huulizana maswali wanayoona haya kuuliza mbele ya wengi.

Baada ya mchezo taa ziwake polepole, na mazungumzo yaanze na swali moja mahususi. Mwenye kuongoza akiuliza "Mmeuonaje?" atapata kimya. Akiuliza "Ni wakati gani ungemwacha Brutus na kumfuata Antony?" mikono itainuka. Nusu saa, basi.

Mwekeni mtu mmoja wa kuandika yanayosemwa, hasa na wale wanaosema kwamba mchezo fulani wa kwetu ungefaa kuonyeshwa hivi. Utatajwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, utatajwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, uliochezwa National Theatre hapa 1976 kabla ya kwenda Lagos kwa FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, mwaka uliofuata. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilichezwa katika jukwaa hilohilo Mei 2022, na waliokuwepo wanajua ilivyokuwa. Kama kikundi chenu, au mnachokijua, kinaandaa mojawapo ya hizi, ombeni kibali cha waandishi au warithi wao, kisha rekodini: kamera moja imara nyuma ikishika jukwaa zima usiku wote bila kuguswa, ya pili pembeni kwa nyuso, na kinasa sauti tofauti mbele ya jukwaa, kwa sababu maikrofoni ya kamera iliyo nyuma itanasa kikohozi kuliko maneno. Rekodini usiku mbili tofauti mkiweza.

Wiki inayofuata mtumieni mwenye haki ripoti ya nusu ukurasa: waliohudhuria, kiingilio kilichopatikana, picha mbili za ukumbi kabla mchezo haujaanza, na shukrani. Futeni faili kama mkataba unavyotaka, mthibitishe kwa maandishi kwamba mmefuta. Katika barua hiyohiyo ombeni mchezo unaofuata.